Bustani: Maswali Yenu Kuhusu Pentasi, Maotea na Vipepeo

Barua nyingi za msimu huu zinauliza kuhusu pentasi. Tumefurahi, maana hili ni ua la kwetu. Pentas lanceolata huota porini kuanzia kusini mwa Bara Arabu na Ethiopia, kupita Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Msumbiji, na ni wa ukoo mmoja na mbuni, yaani mti wa kahawa. Huishi miaka kadhaa, huchanua karibu mwaka mzima penye joto, na ukiipa nafasi hutoa maotea, yaani miche inayojiotea yenyewe.

Ndugu wahariri, nina pentasi nyekundu ishirini kando ya ukuta. Zinachanua vizuri na vipepeo wanakuja. Nimesikia kwamba hujipanda zenyewe, lakini kwa miaka miwili sijaona hata mche mmoja chini yake. Jirani yangu ana za rangi mchanganyiko na maotea yamemjaa hadi kwenye ngazi. Nakosea wapi?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Jiulize kwanza zilitoka wapi. Pentasi za rangi moja zilizopangwa kando ya ukuta mara nyingi ni vipandikizi vya mama mmoja, na tatizo huanzia hapo. Pentasi ina maua ya namna mbili, na kwa kawaida kila mmea una namna moja tu. Chuma ua lililofunguka asubuhi ulitazame mdomoni mwa mrija wake. Katika namna ya kwanza utaona uzi mwembamba umetokeza nje, ncha yake imegawanyika mara mbili. Hiyo ndiyo sehemu ya kike inayopokea chavua, na vifuko vya chavua vimejificha ndani ya mrija. Namna ya pili ni kinyume chake: vifuko vitano vya chavua viko juu mdomoni, na uzi wa kike umebaki ndani. Chavua ya namna moja hutungisha mbegu kwenye ua la namna nyingine. Kwenye ua la namna yake, mbegu huwa chache mno au hazitungi kabisa. Kwa hiyo vipandikizi ishirini vya mama mmoja, hata kila kimoja kikiwa na mizizi yake, kwa habari ya mbegu ni mmea mmoja. Vipepeo wanapeleka chavua kutwa nzima bila faida.

Dawa yake ni kutafuta mimea mitatu au minne ya namna nyingine na kuichomeka katikati ya hiyo uliyonayo. Usiangalie rangi, angalia mdomo wa ua. Kwa jirani mwenye maotea hutakosa: mwombe vipandikizi. Ila ujue kwamba maotea yatakayotokea hayatakuwa mekundu yote. Yatatoka ya waridi, ya zambarau hafifu, pengine meupe. Hali ni hiyohiyo kwa chotara za dukani: mbegu zake huota, lakini watoto hawafanani na mama. Anayetaka mstari wa rangi moja tu aendelee na vipandikizi na asahau maotea.

Baada ya hapo kuna mambo mawili yanayoharibu kazi hata pale mbegu zinapotunga. La kwanza ni mkasi. Wengi wetu tumefundishwa kukata kila kichwa kinachonyauka ili mmea uchanue tena, na ni kweli utachanua, lakini kila kichwa unachokata kina vidonge vya mbegu ambavyo havijakomaa. Kuanzia Januari acha thuluthi moja ya vichwa bila kukatwa. Vidonge hutoka rangi ya kijani na kuwa kahawia, kisha hupasuka juu na kumwaga mbegu ndogo sana za kahawia.

La pili ni ardhi. Mbegu ya pentasi inahitaji mwanga ili iote. Ukiwa na matandazo ya nyasi ya sentimita tano, au ukifagia chini ya maua kila asubuhi, au ukipitisha jembe kila wiki, hutapata kitu. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, ondoa matandazo upana wa sentimita 40 kuzunguka mimea uliyoachia mbegu, kwaruza udongo kwa reki kina cha sentimita moja tu, kisha usiuguse. Mvua zikishaanza, subiri wiki sita kabla ya kupalilia, na ukipalilia tumia mkono.

Sasa hayo maotea nitayajuaje? Mtunza bustani wetu anang'oa kila kinachoota, na mimi mwenyewe siwezi kumwonyesha tofauti.
*Msomaji, Ruaka, Kiambu*

Swali muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu magugu mawili ya kawaida kwenu, macdonaldi na kishona nguo, nayo huota yakiwa na majani yanayotazamana mawili mawili kama pentasi.

Subiri jozi ya tatu ya majani. Kishona nguo hujitenga mapema: jani lake hugawanyika vipande vitatu vyenye meno. Macdonaldi ina jani zima lenye meno pembeni, na ukiligeuza utaona mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo. Jani la pentasi halina meno. Mshipa mkuu ni mmoja katikati, na mishipa ya pembeni imezama hivi kwamba uso wa jani unaonekana kama umekunjwakunjwa, na lina vinyweleo laini pande zote. Alama isiyokosea iko kwenye kifundo: kati ya vikonyo vya majani mawili yanayotazamana kuna vinywele vigumu vilivyosimama. Magugu hayo mawili hayana kitu hicho.

Mpe mtunza bustani vijiti. Kila mche unaotambuliwa uchomekewe kijiti, na sheria iwe kwamba ndani ya eneo la mbegu hakuna jembe. Mche ukifika sentimita 8 na una jozi nne za majani unaweza kuuhamisha jioni pamoja na bonge la udongo wake. Acha sentimita 40 kati ya mmea na mmea. Yaliyobanana yasiachwe hivyo: hurefuka, huanguka, na ukungu huingia.

Pentasi zangu zina mabaka ya rangi ya shaba kwenye majani ya chini, halafu kingo zinakauka. Nimeweka DAP, nimeweka samadi, zinazidi kuharibika. Majirani wote hapa ni wakulima wa chai.
*Msomaji, Kericho*

Hayo maneno ya mwisho ndiyo jibu. Chai hupenda udongo wenye pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Pentasi inataka 6.5 au zaidi kidogo. Udongo ukiwa na asidi kali, madini ya chuma na manganizi huyeyuka kupita kiasi, mizizi huyanyonya, nayo hurundikana katika majani ya zamani mpaka yanaungua. Ndiyo maana unaona majani ya chini yanaumwa na ya juu bado mazuri. Si ugonjwa, na dawa ya ukungu haitasaidia. Mbolea yako ya DAP imeongeza tatizo, kwa kuwa mbolea zenye amonia huongeza asidi kadiri zinavyovunjwavunjwa udongoni.

Pima kwanza. Chukua udongo sehemu tano za kitalu, kina cha sentimita 15, changanya, upeleke kwa afisa kilimo au maabara ya udongo iliyo karibu. Kama pH iko chini ya 6, nyunyiza chokaa ya kilimo gramu 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, ukipata yenye magnesiamu ni bora, na uichanganye hadi kina hicho cha sentimita 15. Panda baada ya wiki nne hadi sita, na upime tena kabla ya kuongeza. Kwa mimea iliyokwisha kushika, weka gramu 50 kwa shina, uitawanye duara la sentimita 30 bila kugusa shina, ukwaruze juujuu na umwagilie. Usiweke chokaa na samadi siku moja, maana nitrojeni ya samadi hupotea hewani. Pishanisha wiki tatu. Majivu ya kuni yaliyochekechwa yanafaa pia, gramu 100 kwa mita mraba, mara moja kwa msimu.

Majani yaliyoungua hayaponi. Yaangalie yanayochipua baada ya miezi miwili.

Nimenunua pakiti ya mbegu mara mbili, hakijaota hata kimoja. Nilifukia sentimita moja kama mchicha. Naishi pwani, joto kali.
*Mama wa Pongwe, Tanga*

Mama, sentimita moja ni kaburi kwa mbegu hii. Haifukiwi kabisa.

Chukua trei au beseni pana lililotobolewa chini. Changanya mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, sehemu mbili, na mchanga wa mto uliooshwa, sehemu moja. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Mwagia maji yanayochemka ili kuua vijidudu vya kinyausi, ugonjwa unaolaza miche, acha upoe hadi kesho yake. Sawazisha, lowesha, kisha changanya mbegu na kijiko kimoja cha mchanga mkavu ili zisidondoke mahali pamoja, na utawanye juu. Gandamiza kwa ubao. Funika trei kwa plastiki angavu na uiweke penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja, kwa mfano upenuni upande wa mashariki.

Usimwagilie kwa juu. Maji yakitiwa kwa nguvu mbegu husombwa zote pembeni. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili kwa robo saa, udongo unyonye kutoka chini, kisha uitoe. Joto linalofaa ni nyuzi 21 hadi 26, hivyo Tanga ni bora upande mbegu Juni hadi Agosti kuliko Februari. Miche hutokea baada ya siku 10 hadi 14. Hapo fungua plastiki kidogokidogo kwa siku tatu, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndio unaoleta kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo na mche unalala. Ukiona mmoja umelala, ondoa plastiki kabisa na upunguze maji.

Jozi tatu za majani zikikamilika, hamishia kwenye viriba. Mche ukifika sentimita 12 kata ncha ya juu uchipue matawi. Maua ya kwanza huja kama miezi minne tangu kupanda. Kwa pwani chagua mahali penye jua la asubuhi hadi saa sita au saba na kivuli mchana.

Usipotaka kusubiri hivyo, kata ncha zisizo na maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya chini na uchomeke kwenye mchanganyiko huohuo kivulini. Mizizi hushika ndani ya wiki mbili hadi tatu.

Njombe tunapata baridi ya kugandisha mwezi wa saba. Pentasi zinakufa. Nifanye nini?
*Msomaji, Njombe mjini*

Baridi ya kugandisha huua shina na majani, lakini mmea ulioshika vizuri unaweza kuchipua tena kutoka chini. Mwishoni mwa Mei rundika matandazo makavu sentimita 10 juu ya shina, yaondoe baridi inapokwisha, na kata sehemu iliyokufa baada ya kuona machipukizi mapya, si kabla. Kwa usalama zaidi chukua vipandikizi mwezi Aprili uvilinde ndani. Ukiwa na ukuta wa mawe unaopigwa na jua la mchana, panda chini yake. Mabondeni baridi hutuama, hivyo usipande huko.

Vipepeo wanakuja kunywa kwenye pentasi halafu wanakwenda zao. Natamani wakae, watoto wangu waone kiwavi na pupa. Nipande nini?
*Msomaji, Moshi*

Pentasi ni mahali pa kula tu kwa kipepeo aliyekomaa. Mirija ya maua yake ni mirefu, inawafaa vipepeo wenye ulimi mrefu na pia nondo wakubwa wa jioni na ndege aitwaye chozi. Lakini kipepeo hutaga pale tu ambapo kiwavi wake atapata chakula, na kila aina ina majani yake. Bustani yenye maua bila majani hayo itatembelewa tu.

Kwa Moshi tungependekeza vitu viwili. Cha kwanza ni mti wa jamii ya chungwa, hata mlimao mmoja ndani ya pipa la lita 40. Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, hutaga kwenye majani machanga. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani zenye harufu kali. Watoto watafurahi. Viwavi watano wanaweza kuukwangua mlimao mdogo, kwa hiyo panda miwili.

Cha pili ni Gomphocarpus fruticosus au physocarpus, kichaka chenye utomvu mweupe na matunda yaliyovimba kama puto. Huyu ndiye anayemlisha kiwavi wa Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa anayeonekana kila mahali kwetu. Kiwavi ana pete nyeusi, nyeupe na njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Kutoka yai hadi kipepeo ni kama mwezi mmoja, kutegemea joto, na pupa huning'inia hapohapo au kwenye ukuta wa jirani. Waambie watoto wahesabu wangapi wana ncha nyeusi za mbawa na wangapi hawana. Afrika Mashariki ni mahali ambapo maumbo haya yanakutana na kuchanganyika, jambo linalowavutia watafiti hadi leo.

Tahadhari mbili juu ya kichaka hicho. Utomvu wake ni sumu ya moyo kwa mifugo na huumiza sana macho: vaa glavu, osha mikono, na usikipande mahali mbuzi au ng'ombe wanafika. Pili, mbegu zake zina manyoya na husafirishwa na upepo. Acha matunda mawili au matatu yapasuke kitaluni, mengine yakate yakiwa ya kijani.

Na tafadhali usipande lantana wala alizeti mwitu, ingawa vipepeo wanazipenda. Zote mbili zinavamia malisho na kingo za misitu, na ndege na upepo hazisomi mipaka ya ua wako.

Majani ya pentasi yamekuwa ya kijivu na chini yake kuna utando mwembamba. Muuza pembejeo amenipa dawa yenye imidakloprid, anasema nimwagie kwenye mizizi. Ni salama kwa vipepeo?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Si salama, na pia haifai kwa tatizo lako. Utando huo ni wa utitiri, na imidakloprid haiui utitiri. Dawa hii hupanda kutoka mizizini hadi kwenye majani, chavua na nekta, na kipepeo au nyuki anayekunywa huko anapata sumu. Irudishe.

Utitiri hupenda joto na ukame, hasa karibu na ukuta unaorudisha joto. Asubuhi nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani, siku tatu mfululizo. Kisha sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, upulize jioni upande wa chini wa majani, kila baada ya siku tano, mara tatu. Jaribu kwenye tawi moja kwanza. Tawi lililoharibika zaidi ya nusu likate ulichome. Sabuni hiyohiyo inafanya kazi kwa inzi weupe na vidukari. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia, lakini yasiguse mlimao wala kichaka chochote chenye viwavi, maana yanawaua pia.

Ninaishi Minnesota. Nilileta wazo la pentasi kutoka nyumbani, ikafa mwezi wa kumi. Kuna ua la aina hii linalovumilia theluji na kujipanda lenyewe?
*Msomaji, Brooklyn Park, Marekani*

Pentasi huko ni ya msimu mmoja au ya chungu cha ndani. Panda Asclepias tuberosa, yenye maua ya rangi ya chungwa, kama udongo wako ni wa kichanga na haushiki maji. Au Asclepias incarnata, yenye maua ya waridi, kama ni mzito na wenye unyevu. Zote ni za asili huko, zinastahimili baridi ya Minnesota, na ndizo zinazolisha kiwavi wa Danaus plexippus, kipepeo rasmi wa jimbo hilo tangu mwaka 2000 na jamaa wa karibu wa yule wetu, Danaus chrysippus. Kiwavi wake utamtambua kwa jozi mbili za nyuzi, si tatu.

Mbegu lazima zipite baridi kabla ya kuota. Zitawanye nje mwezi Novemba, uzifukie nusu sentimita, theluji ifanye kazi yake. Au zikunje ndani ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, uweke kwenye mfuko ndani ya friji kwa siku 30, kisha upande Mei. Tuberosa ina mzizi mkuu mrefu na haipendi kuhamishwa, basi ipande pale itakapokaa. Huchelewa kuchipua wakati wa machipuko, kwa hiyo chomeka alama usije ukaichimba ukidhani imekufa, na usitegemee maua kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Vifuko vya mbegu viache vipasuke Septemba na Oktoba; mashina makavu yakate baada ya theluji kuyeyuka.

Pentasi yangu ina miaka minne, imekuwa miti mitupu chini na maua machache juu. Niikate au niing'oe?
*Msomaji, Kitale*

Ikate, lakini kwa awamu. Mwanzoni mwa mvua punguza nusu ya matawi hadi sentimita 20 kutoka chini, juu ya kifundo chenye jani au jicho, na uache nusu nyingine iendelee kuulisha mmea. Wiki sita baadaye kata yaliyobaki. Weka ndoo moja ya mboji kuzunguka shina. Kukata yote siku moja kwenye mti mzee wa pentasi mara nyingi huuua. Ukiona hauchipui baada ya miezi miwili, chukua maotea yaliyo pembeni yake, la nguvu zaidi, uliweke hapo.